Kukata chuma kwa kipimo kwa msumeno mdogo wa mkanda

Fundi anayekata skwea paipu kwa grenda anajua kitakachofuata. Kona hazikutani sawasawa, mwanya unajazwa kwa vijiti vya kuchomelea, na weldi hiyo nyingi ikipoa inavuta fremu hadi geti linakaa mshazari. Kulinyoosha kunakula muda kuliko kukata kwenyewe. Msumeno mdogo wa mkanda unaimaliza shida hiyo mapema, kwa sharti moja: uwe umepangwa kabla ya kuwashwa. Ukitoka kwenye boksi haukati sawa, na wengi wakiona hivyo wanausukuma kwenye kona ya karakana na kurudi kwenye grenda. Ni hasara kubwa, maana kinachohitajika ni nusu siku ya kuurekebisha kwa utulivu.

Ninaozungumzia ni ule wa inchi 4 kwa 6, unaolala kukata vipande na kusimama wima kukata bamba. Unameza shafti ya kipenyo cha milimita 115 hivi, au chuma cha milimita 100 kwa 150. Bledi yake ina urefu wa milimita 1,640 (inchi 64 na nusu), upana wa nusu inchi na unene wa milimita 0.65. Una spidi tatu, takriban mita 20, 30 na 50 kwa dakika, na unazibadilisha kwa kuhamisha belti kwenye puli.

Ukinunua wa mtumba uliotoka Marekani, soma kibati cha mota kwanza. Mota ya volti 110 usiichomeke kwenye umeme wetu wa volti 230. Hata ukiiwekea transfoma, iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita kwenye hezi 50, na itapata joto zaidi. Kwa maoni yangu ni nafuu kuibadilisha mota kabisa.

Hatua ya 1: Usimamishe imara

Miguu ya bati inayokuja na mashine hii ni dhaifu na imekaribiana mno. Kichwa kikisimamishwa wima, uzito unahamia upande mmoja na mashine nzima inaweza kuanguka. Ifunge juu ya meza nzito au itengenezee stendi ya engo yenye miguu iliyopanuka.

Kisha shika kichwa cha msumeno kwa mikono miwili ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza kwenye bawaba, kaza au weka washa nyembamba hadi kitulie, lakini kiendelee kupanda na kushuka kwa wepesi. Bawaba iliyolegea itakuharibia kila utakachorekebisha baadaye. Fungua na kifuniko cha gia uone kama kuna oili ya kutosha.

Hatua ya 2: Chagua bledi kwa unene wa chuma

Kanuni ni hii: wakati wote wa kukata, meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya chuma. Yakipungua, chuma kinaingia kwenye pengo kati ya jino na jino, na jino linang'oka. Likishang'oka moja, la nyuma yake linapokea kishindo mara mbili, nalo linafuata.

Piga hesabu. Bledi ya meno 14 kwa inchi ina jino kila milimita 1.8. Ukisimamisha chuma bapa cha unene wa milimita 3 kwa ubavu, ni jino moja na nusu tu linalofanya kazi, na bledi hiyo haitaona jioni. Kilaze bapa, meno mengi yatagusa kwa pamoja. Engo ya milimita 3 iweke kama paa la nyumba, mgongo juu na miguu miwili chini. Hapo bledi inapita kila mguu kwa mshazari wa nyuzi 45, na unene unaokatwa unakuwa milimita 4.2. Bledi ya meno 18 kwa inchi, yenye jino kila milimita 1.4, inapata meno matatu kamili kila upande. Ukiilaza engo hiyohiyo mguu mmoja chini na mwingine wima, bledi itashuka kwenye ubavu wa milimita 3 peke yake, kisha ghafla itakutana na upana wote wa mguu wa chini. Mkato unapinda hapohapo.

Kwa kazi za kila siku ningekuwa na bledi mbili: ya meno 10 hadi 14 yaliyochanganywa kwa shafti na vyuma vizito, na ya meno 18 au 24 kwa paipu na engo nyembamba. Paipu ya milimita 2 haifikishi meno matatu kwenye kuta zake hata kwa bledi ya meno 24, kwa hiyo hapo kinga yako ni kupunguza uzito wa kichwa.

Nunua bledi ya baimeto, yaani mgongo wa chuma kinachonyumbulika na ncha za meno za chuma kigumu cha kukatia. Bei yake ni ya juu kuliko ya kaboni lakini inadumu mara nyingi zaidi, na ukali unaodumu ndio unaoleta mkato ulionyooka. Bledi butu haikati moja kwa moja hata mashine iwe imepangwa namna gani.

Kuna vyuma usivyopaswa kuweka kabisa. Springi bapa za gari ambazo mafundi wengi hutengenezea patasi na visu zimekazwa kwa moto. Pitisha tupa kwanza: ikiteleza bila kung'ata, chuma hicho kitamaliza meno kabla hujafika nusu. Kilainishe kwa moto na kukipoza polepole, ndipo ukikate.

Hatua ya 3: Funga bledi na upange beringi

Chomoa umeme. Bledi mpya huja imekunjwa duara tatu, na ukiiachia vibaya inafunguka kwa nguvu, kwa hiyo vaa glavu hapa. (Mashine ikiwaka, glavu zivuliwe.) Hakikisha meno yanaelekea kule inakokwenda bledi, kwa kufuata mshale kwenye mwili wa mashine. Yakiwa kinyume usiirudishe dukani; ipindue ndani nje kama mfuko na meno yatageuka.

Ivalishe kwenye magurudumu, kaza kwa mkono, kisha zungusha gurudumu taratibu ukiangalia mgongo wa bledi unakaa wapi. Unatakiwa ukimbie karibu na ukingo wa gurudumu bila kuusugua. Ukisikia mkwaruzo wa mfululizo, rekebisha mlalo wa gurudumu la juu kwa bolti zake, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ukishatulia, kaza zaidi. Bledi iliyokazwa vya kutosha, ukiisukuma ubavuni kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu iliyo wazi, inasogea milimita chache tu na kurudi. Iliyolegea itatengeneza tumbo ndani ya chuma. Jioni ilegeze, bledi na magurudumu vipumzike.

Sasa beringi za kuongoza. Kila upande wa kazi una beringi mbili zinazoibana bledi na moja inayoushika mgongo wake. Moja kati ya zile mbili imefungwa kwenye ekseli iliyotobolewa pembeni ya kitovu. Ukiizungusha kwa spana, beringi inasogea. Isogeze hadi iguse bledi, kisha iachie kiasi kidogo sana: vidole vyako viweze kuizungusha beringi huku bledi imesimama, lakini usione mwanga kati yake na bledi. Beringi ya mgongo iache nafasi ya unene wa karatasi.

Mikono inayobeba beringi hizi isogeze karibu na chuma kadiri inavyowezekana, kila mara unapobadilisha saizi. Watu wengi huiacha imepanuka kwa milimita 150 wakati wanakata paipu ya 25. Bledi iliyo wazi kwa urefu wote huo inayumba kama kamba ya kuanikia nguo, na hakuna marekebisho mengine yatakayoiokoa.

Hatua ya 4: Jaribio la kipande kilichogeuzwa

Hapa ndipo usahihi unapopatikana, na hapa ndipo ningekuomba usiharakishe.

Anza kwa guni, ile skwea ya fundi. Isimamishe juu ya kitanda cha mashine, ubavu wake uguse ubavu wa bledi kati ya meno. Meno yamepindishwa kushoto na kulia, ukiyagusa utapata kipimo cha uongo. Tazama mwanga kati ya guni na bledi. Kisha laza guni, upande mmoja uguse taya lisilosogea la vaisi (kibano cha mashine kinachoshika chuma) na mwingine uguse bledi. Rekebisha hadi mwanga utoweke pande zote mbili. Hii inakusogeza karibu, haikufikishi, kwa sababu bledi inayokata haikai sawasawa na bledi iliyosimama.

Sasa chukua chuma cha mraba cha milimita 50, au chochote kinene ulichonacho. Kibane, kata ncha yake iwe safi. Kwenye uso wa juu wa chuma kilichobaki chora mshale kwa msumari wa kuchorea. Legeza vaisi, zungusha chuma nusu mzunguko hadi mshale uangalie chini, kisukume mbele milimita 10 hivi, bana, kata tena. Kipande kikikaribia kuanguka, andika juu yake kwa kalamu ya rangi upi ulikuwa juu na upi ulikuwa upande wa taya lisilosogea.

Pima unene wa kipande hicho kwa venia, kile kipimo chenye taya mbili, katikati ya kila ukingo: juu, chini, kushoto, kulia.

Kwa nini kugeuza? Kwa sababu usipogeuza, mikato yote miwili inakuwa na mshazari uleule, kipande kinatoka na unene sawa pande zote, nawe unadhani mashine iko sawa. Ukigeuza, kosa la kwanza na la pili yanakwenda kinyume na kujumlishana. Tuseme juu ni milimita 10.6 na chini ni 10.0. Tofauti ni 0.6, kosa halisi la bledi ni nusu yake, yaani 0.3 kwa kimo cha milimita 50. Tofauti ya juu na chini inasema bledi haijasimama wima: legeza bolti ya kibebeo cha beringi, kizungushe kidogo sana, kaza. Tofauti ya kushoto na kulia inasema taya la vaisi haliko mraba na bledi: legeza taya, lisogeze, kaza. Shughulikia moja kwanza, kata kipande kingine, pima, ndipo uende kwenye ya pili. Ukirekebisha zote kwa pamoja hutajua ipi imekusaidia.

Kabla hujagusa bolti yoyote, weka rula ya chuma juu ya uso uliokatwa. Ukiwa umenyooka lakini una mshazari, rekebisha kama nilivyosema. Ukiwa umejikunja, una tumbo au bonde, tatizo si mpangilio wa beringi. Ni bledi iliyolegea, au butu, au kichwa kinachosukuma kwa uzito kupita kiasi. Anayezungusha beringi ili kutibu tumbo anaharibu kilichokuwa kizima.

Ukifika tofauti ya milimita 0.2 juu ya chuma cha 50, kosa lako ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa fremu, stendi, hata kazi inayokwenda kwenye mashine ya kukereza, hapo umefika. Taya lisilosogea la vaisi lisiachwe likishikiliwa na bolti moja tu: toboa na uongeze ya pili au pini, kwa sababu kila ukikaza vaisi kwa nguvu, bolti moja inateleza.

Hatua ya 5: Bana chuma kilale

Chuma cha mita 6 kinachoning'inia nyuma ya mashine kinajiinua ndani ya vaisi, na mkato unatoka na mshazari ambao hukuusababisha wewe. Kiwekee tegemeo la kimo kilekile cha kitanda. Kuhakikisha, jaribu kupitisha karatasi chini ya chuma mahali kinapogusa kitanda: ikipita, rekebisha tegemeo.

Kipande kifupi kinachoshikwa na ncha moja tu ya vaisi kinalipindisha taya linalosogea, nalo linashika kwa kona badala ya uso. Weka kipande kingine cha upana uleule kwenye ncha ya pili ya taya, kisha kaza. Usikate kipande ambacho huwezi kukibana, na usikishike kwa mkono hata kwa mkato wa sekunde tano.

Hatua ya 6: Pima ukikumbuka njia ya bledi

Bledi hii inakula karibu milimita 1 kila mkato. Ni kidogo ukilinganisha na diski nene za grenda, lakini inajumlishika: kwenye chuma cha milimita 6,000 hupati vipande kumi vya 600, kwa kuwa mikato tisa peke yake inachukua milimita 9, achilia mbali ncha chafu ya kiwandani unayotakiwa kuikata kwanza. Mwambie mteja mapema.

Usichore kwa chaki. Mstari wa chaki una upana wa milimita mbili au tatu, na hujui ukate upande wake upi. Tumia msumari wa kuchorea na guni. Shusha kichwa mota ikiwa imezimwa, meno yaguse chuma upande wa mabaki, kisha sogeza chuma hadi mstari ubaki mzima kwenye kipande chako.

Kwa vipande vingi vya urefu mmoja, tumia kizuizi cha mashine, lakini ukishabana chuma, kirudishe nyuma kizuizi kabla ya kuwasha. Ukikiacha kikigusa, kipande kinapokatika kinanasa kati ya kizuizi na bledi na kuvunja meno.

Hatua ya 7: Kata, na usome chenga

Vaa miwani. Funga nywele, kunja mikono mirefu, usivae chochote kinachoning'inia.

Chuma laini cha kawaida kikate kwa mita 30 kwa dakika, na vipande vyembamba unaweza kwenda 50. Stenlesi na chuma kigumu cha kutengenezea zana, 20. Alumini, 50. Bledi ikiwa mpya, ipe uzito nusu ya kawaida kwa mikato michache ya mwanzo. Ncha za meno zikivunjika siku ya kwanza hazitengenezeki.

Uzito wa kichwa unaurekebisha kwa springi ya nyuma. Washa mota kwanza, kisha teremsha kichwa kwa mkono hadi bledi iguse taratibu, halafu kiachie kishuke chenyewe. Baada ya hapo angalia chenga, yaani vipande vidogo vya chuma vinavyotolewa na meno. Zikitoka kama vumbi, bledi inasugua badala ya kukata: ongeza uzito. Zikitoka nene na zenye rangi ya bluu, umezidisha uzito au spidi. Chenga nzuri zimejikunja, zinang'aa, na ukizigusa zikiwa zimetua si za kuunguza. Kwa stenlesi usiruhusu kusugua hata kidogo, kwani uso unakuwa mgumu kwa sekunde chache na bledi haitauingia tena.

Kichwa kinapokaribia kumaliza kishike kidogo kisianguke. Kama bledi imekatika katikati ya kazi na umefunga mpya, usiirudishe kwenye mkato wa zamani. Meno mapya ni mapana kuliko njia iliyoachwa na yaliyochakaa, nayo yatabana. Geuza chuma, anza upande wa pili.

Hatua ya 8: Nyuzi 45

Namba zilizochorwa kwenye vaisi zichukulie kama makisio. Kata vipande viwili vya paipu hiyohiyo kwa 45, viunganishe, weka guni ndani ya kona. Kosa la mkato mmoja linajitokeza mara mbili kwenye kona, kwa hiyo mwanya unaouona kwa guni gawa kwa mbili kabla ya kusogeza taya. Ukipata kona safi, chora mstari mwembamba kwenye kitanda kando ya taya. Ukirudi kwenye nyuzi 90, rudia jaribio la kipande kilichogeuzwa hata kama taya lina alama.

Mkato ukianza kupotoka

Mashine iliyokuwa ikikata vizuri wiki iliyopita na leo inavuta upande mmoja, angalia meno kabla ya kitu kingine. Zungusha bledi kwa mkono, umeme umechomolewa, ukipitisha kipande cha mti laini ubavuni mwa meno, kushoto kisha kulia. Upande unaoteleza bila kukwaruza ndio uliochakaa, mara nyingi kwa sababu ulipita kwenye weldi ngumu au mchanga ulioshika kwenye nondo, na bledi inavutwa kwenda upande wenye meno makali. Hiyo haina dawa, badilisha. Meno yakiwa mazima pande zote, safisha chenga zilizobanwa kati ya beringi na bledi, angalia kama mikono ya beringi imelegea, kaza bledi, kisha kata kipande cha majaribio upime upya.